Kufuli la Tatu

Nianze na lango, maana watu wakisimulia kifo cha mama huanza na mvua. Mvua haina kosa. Ilinyesha kama inavyonyesha kila mwaka.

Lango liko pale mto ulipozibwa. Likifungwa, maji yanapanda na kuingia kwenye mfereji wa wakulima. Likifunguliwa, yanateremka kwa wenye vibali vya maji huko chini, wenye viwanda na mashamba makubwa. Halmashauri ya mkoa haiwaamini wakulima, na wakulima hawaiamini halmashauri. Basi wakubwa wakakaa kikao, wakanywa chai yao, wakatoka na akili hii: mnyororo mmoja kwenye usukani wa lango, makufuli mawili. Ufunguo mmoja kwa mwangalizi wa mto wa halmashauri, wa pili kwa mwenyekiti wa wakulima. Hakuna anayeweza kufungua bila mwenzake.

Mwangalizi ni mume wangu. Mtaani wanamwita Serikali, maana hata chumvi ikizidi kwenye mchuzi anauliza nani aliidhinisha. Mwenyekiti ni kaka yangu, analima vitunguu, basi jina lake ni Kitunguu, na ukimkaribia sana utalia kweli.

Kiangazi kilichopita mambo yakaharibika. Wenye vibali walidai maji yao. Kaka akagoma kuja kufungua kwa sababu vitunguu vyake vilishaanza kunyauka. Mume wangu akachukua mtaimbo, akavunja kufuli la wakulima. Maji yakaenda zake, vitunguu vikafa vyote. Kaka akapeleka malalamiko mkoani. Mume wangu akaitwa ofisini, akasemwa mbele ya wadogo zake kazini kama mtoto aliyekojoa kitandani, akaambiwa akiligusa tena kufuli lile bila ruhusa ya afisa mazingira, kazi hana.

Tangu hapo hawakusemezana. Mmoja akienda kufungua lake, anaondoka kabla mwenzake hajafika. Na maneno yao yote yakawa yanapita kwangu. "Mwambie kaka yako." "Mwambie huyo mumeo." Mimi ni fundi cherehani, lakini mwaka ule kazi yangu kubwa ilikuwa kuwa simu ya wanaume wawili wazima.

Mama alikuwa akiishi bondeni, upande wa juu wa lango, kwenye nyumba ambazo halmashauri hiyohiyo ilizipa kibali cha ujenzi. Miguu ilishakataa kumbeba. Kila nilipokwenda kumwogesha alikuwa na swali lake moja.

"Hao majogoo wangu wameshapeana mkono?"

"Bado, mama."

"Wananitia aibu. Mkono tu, jamani. Sijawaomba ng'ombe."

Siku yenyewe lango lilikuwa limefungwa, maana ilikuwa zamu ya mfereji kupata maji. Mvua ilikuwa imenyesha milimani tangu alfajiri. Mchana, nikiwa nimepinda juu ya suruali ya mteja, mume wangu akanipigia simu.

"Mto umejaa. Niko langoni, kufuli langu nimeshafungua. Mwambie kaka yako alete ufunguo upesi, maji yanarudi nyuma kule bondeni!"

Nikampigia kaka. Alikuwa anahema.

"Niko kwa mama. Maji yameingia ndani, yamefika magotini."

"Ufunguo uko wapi?"

"Ninao shingoni. Nikiondoka nimwache mama na nani?"

"Sasa lango je?"

Akacheka kicheko kibaya. "Mwambie avunje. Si ndiyo fani yake?"

Nikampigia mume wangu. "Kaka anasema vunja."

Nyuma yake mto ulikuwa unanguruma.

"Aniambie mwenyewe," akasema.

"Baba watoto, mama yumo ndani ya maji!"

"Nimesikia. Kesho akisema hakusema, nani atafukuzwa kazi? Mwenye kufuli aniambie kwa mdomo wake. Au afisa mazingira. Nimempigia, anasema nisubiri, yumo kikaoni."

Baadaye tulikuja kujua kikao chenyewe kilikuwa cha kujiandaa na mafuriko.

Nikampigia tena kaka. "Mpigie mwenyewe, anataka sauti yako."

"Mimi nimpigie yule? Alipoviua vitunguu vyangu alinipigia?"

"Kaka, nakupigia magoti!"

Hapo nikamsikia mama kwa mbali, kwa sauti yake ileile ya kuamrisha: "Mpigie, we mtoto."

Kaka akashusha pumzi. "Haya. Kata, nimpigie."

Nikakata. Mungu wangu, nilivyofurahi! Nilikaa pale nimeishika simu, sikuthubutu kupiga kokote nisije nikawaingilia. Nilijua wanaongea. Nilijua mtaimbo umeshashuka.

Kumbe simu ilimponyoka kaka alipokuwa anamwinua mama kumweka mezani, ikazama kabla hajabonyeza namba hata moja.

Moyo ulipokataa kutulia nikaacha cherehani, nikakimbia. Nilifika langoni nimelowa chapachapa. Mume wangu alikuwa amesimama palepale, mtaimbo mkono mmoja, simu mkono wa pili, macho kwenye simu.

"Hajapiga," akasema.

Sijui nilimwambia nini. Najua nilipiga yowe, na yeye akapiga kufuli. Pigo moja tu, jamani. Lilikatika kama biskuti. Tukauzungusha usukani pamoja, maji yakaporomoka, na kule bondeni yakaanza kushuka ukutani huku watu wanayaona.

Tulimkuta kaka amesimama juu ya meza, maji kifuani, amemkumbatia mama. Nilimwita mama. Kaka akatikisa kichwa.

"Mikono iliniishia nguvu," akasema. "Aliponyoka mara moja tu. Mara moja tu, dada."

Ufunguo ulikuwa bado unaning'inia shingoni mwake.

Makaburini mume wangu akanyoosha mkono, kaka akaushika, wakakumbatiana na kulia kwa sauti. Watu wakasema afadhali, angalau wamepatana. Mimi nilitaka kuwatandika wote wawili kwa koleo la kuchimbia. Mkono ule mama aliuomba mwaka mzima, wakaja kuutoa wakati tumeshamfukia.

Halmashauri nayo ikaja, viatu vya mvua vipya kabisa, ikatoa pole, ikaketi na wakulima, ikatoka na uamuzi. Tatizo, walisema, ni kwamba wenye funguo ni wawili na wanaweza kukosana. Kwa hiyo litaongezwa kufuli la tatu, la mtu wa kati anayeaminiwa na pande zote. Wakanigeukia.

Sikubishana nao. Niliupokea ufunguo, nikasema asante. Mume wangu ndiye aliyelitundika kufuli, na kaka akamshikia mnyororo. Siku hizi wanaitana shemeji kwa adabu mpaka inakera.

Sasa mawingu yakifunga huko milimani, naacha nguo za watu kwenye cherehani, naenda langoni. Nafika wa kwanza. Nafungua langu, nakaa juu ya ukingo wa saruji, natazama alama ya kimo cha maji iliyochorwa ukutani mwa lango. Wale wawili nawapa muda wa maji kuifikia alama ile, hawapati zaidi. Mtaimbo ninao mapajani, na simu naiacha nyumbani.