Hodi ya Nne

Ninasinzia saa kumi alasiri, kwenye kiti cha uvivu barazani, simu imeegemezwa kwenye birika, na Mwalimu Anselmi anaeleza habari za Ufaransa. Kila Jumamosi anaeleza na sisi tunamsikiliza kwenye simu zetu, huyu Mwanza, yule Kigoma, mimi hapa Muleba. Leo anasimulia jinsi watu wa zamani kule walivyoandikiana barua ndefu, mama kwa binti aliyeolewa mbali. Mwalimu ana moyo mzuri. Neno gumu analirudia taratibu, wala hasemi ni kwa ajili ya yule bibi wa Muleba, ingawa najua ni kwa ajili yangu. Jirani yangu Stafora, aliyeniazima chaja yake, anacheka: Wewe na Wafaransa wako, Mama Koku! Jana nilikusikia unawasalimia kuku, bonjuu. Namjibu, kuku wameitikia, wewe mbona hujaitikia? Lakini anajua kwa nini najifunza. Binti yangu Kokushubira yuko Lyon, hukohuko Ufaransa, mwaka wa kumi na moja sasa, na mtoto wake Elodi, mwenye miaka minane, hajui Kiswahili na hataki tena kuja kwenye simu yangu. Kosa ni langu. Walinitumia linki ya kuonana, nikafungua, nikakuta giza na neno subiri. Nikapiga hodi. Nikapiga ya pili, nikapiga ya tatu, kimya, na mtu aliyelelewa vizuri akipiga hodi tatu asiitikiwe anaondoka, halazimishi nyumba ya watu. Nikafunga simu. Nikafanya hivyo Jumapili tatu. Kumbe wenyewe walikuwa upande wa pili wanahangaika kunifungulia, sauti yangu haiwafikii, na mtoto amevaa gauni jipya. Binti yangu akaniandikia: Mama, Elodi anasema bibi hamtaki. Leo saa kumi na mbili watapiga. Labda atakuja, labda hatakuja. Sauti ya Mwalimu inakwenda mbali, inarudi, inakwenda tena, na kizingiti cha nyumba yangu kinarefuka, nakivuka, bado nakivuka.

Upande wa pili ni mtaa wa mawe uliolowa mvua, na mtaa huo hauna mwisho. Kando yake kuna mto, na ndani ya mto kuna mji mwingine unaofanana na huu, umesimama kichwa chini, ila nguo zilizoanikwa kule ndizo zinazotikisika kwanza, halafu za huku zinafuata. Mtu ananingojea pembeni, koti refu, mkate kwapani, na mahali pa uso ni laini tupu kama sahani iliyooshwa. Namsalimu, habari za hapa, baba? Sauti inatoka ndani ya koti: Za hapa ni zile ulizoziacha. Anatembea mbele yangu, na akiona goti langu linanisumbua anapunguza mwendo bila kugeuka, nami namshukuru moyoni, maana si wengi wanaofanya hivyo. Namuuliza, mjukuu wangu Elodi anakaa wapi? Anasema, kwenye nyumba inayosogea mbali kila ukiipa mgongo. Namwambia, baba, mimi ni mtu mzima na goti linauma, niambie kulia au kushoto. Mabega yanamtikisika kwa kicheko. Kushoto, bibi.

Kushoto kuna mlango wa kijani. Napiga hodi. Napiga ya pili, ya tatu, kimya, na miguu yangu inageuka yenyewe kama ilivyofundishwa na mama yangu. Papo hapo mtaa unarefuka, mji wa mtoni unapanda juu na huu wa juu unazama, natembea, natembea, na mbele yangu ni mlango uleule wa kijani. Hodi, hodi, hodi. Nageuka. Mtaa unarefuka tena. Mara ya tatu nafika nimechoka, na chini ya mlango naona vivuli viwili vidogo, ni miguu ya mtoto aliyesimama kimya upande wa ndani. Yule mtu wa mkate ananiuliza, umepiga ngapi? Tatu, namwambia. Na ya nne ni ya nani? Ya mtu asiye na adabu, nasema. Basi leo, bibi, kosa adabu.

Napiga ya nne. Nasema kwenye mbao, Elodi, ni bibi. Sikuondoka kwa kukukataa, niliondoka kwa kuwa nilidhani ndivyo heshima ilivyo.

Mlango unafunguka. Amesimama pale, ana paji la uso la marehemu babu yake, na anaongea Kifaransa, chote, haraka haraka, nami naelewa kila neno bila Mwalimu Anselmi. Anasema, nilikaa kwenye kiti mpaka gauni likakunjamana. Najua, mjukuu wangu. Mama alisema bibi anakuja, ukaja, ukaenda. Najua. Kwenu mtu akisubiriwa huondoka? Namwambia, nisamehe, na sijawahi kumwomba mtoto msamaha maishani, lakini maneno yanatoka mepesi. Ananishika vidole. Mkono wake ni wa baridi na unanukia sabuni. Nataka kukaa chini, nataka kukaa hapo miaka, lakini kuta zinalainika kama maji na yeye anasema, bibi, usilale, bibi, usilale.

Nafumbua macho. Jua bado liko ukutani. Mwalimu ameondoka kwenye simu, na mahali pake kuna uso wa mtoto aliyeng'oka meno ya mbele, uko karibu mno, na nyuma yake binti yangu amejiziba mdomo kwa kiganja na machozi yanamtoka. Mtoto anasema, bibi, nimekuita muda mrefu, mbona huamki? Anasema kwa Kiswahili kilichonyooka, kama cha mtu aliyezaliwa hapa Muleba. Nani kamfundisha, na lini? Nje, migomba ya Stafora imesimama wima, na chini yake, ndani ya dimbwi, imesimama tena. Bibi, unaniona? Nakuona, namwambia, nakuona, na naogopa hata kupepesa macho, nisije nikaamka tena.