Mrithi Aliyekuja Kuchukua Cherehani

Nilikuwa nimeanza kufunga mizigo ya kurudi kwetu ziwani nilipopata habari kwamba nilikwisha kuzikwa.

Aliyenipa habari ni Okoth, mtu wa kijijini kwetu aliyekuja kutafuta kibarua cha kuchuma chai huku Konoin. Aliponiona nimesimama mlangoni mwangu alitupa posho yake chini akatimua mbio, na ilibidi wenzangu wa kambi wamkamate na kumshikisha mkono wangu ili aone una joto. Ndipo akasema yote. Binamu yangu Kepher, niliyekuja naye huku kuchuma chai, alikuwa amerudi nyumbani miaka minne iliyopita akasema Owino amekufa kwa homa na wazungu wamemzika msituni. Kwa kuwa maiti haikuwepo, ukoo ulifanya kama desturi yetu inavyotaka: walizika tunda refu la mti wa yago badala ya mwili wangu, wakalia, wakanyoa nywele. Baadaye Kepher akamrithi mke wangu, Ajwang.

Nilicheka. Kisha nikaingia ndani nikatoka na panga.

Maana Kepher aliniacha hai na alijua niko hai. Nililala katika banda la wagonjwa, yeye akiwa ameketi kando yangu, nikamwomba maji. Alisema anakwenda kuniletea uji. Uji haukuja, na blanketi langu nalo likaenda. Nilipopona, niliapa sitarudi kwetu mikono mitupu. Nilitaka Ajwang anione nikiingia na cherehani. Miaka yote hiyo nilichuma chai kwenye mvua nikimwaza yeye, kumbe ananililia, halafu ananyamazishwa na mtu aliyeniibia blanketi.

"Nenda ukamkate," alisema Okoth. Panga nilikuwa nalo, na hamu pia. Lakini nilimuuliza jambo moja: je, Ajwang amezaa?

"Amezaa kijana," alisema. "Kepher anazunguka naye kila mahali. Unajua bibi yake mwenyewe anazaa wasichana tu."

Hapo moyo wangu ukatulia, na nikajua nitakachofanya.

Nilimwapisha Okoth asimwambie mtu kwamba niko hai, nikamrudisha nyumbani na ujumbe kutoka kwa nyapara wetu, Ogeto, Mkisii asiye na mchezo na rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Ujumbe ulisema marehemu Owino ameacha cherehani, baiskeli na sanduku la nguo, na wenye haki waje wachukue pamoja na mzee wa ukoo. Kepher angeshangaa kidogo, ndiyo. Lakini nilimjua. Angejiambia kwamba homa ilimaliza kazi aliyoianza yeye, na asingeweza kulala akiwaza baiskeli ya bure.

Walifika Jumapili, Kepher na baba yangu mkubwa, Mzee Opiyo, ambaye neno lake kwetu halipingwi. Ogeto aliwaketisha nje ya nyumba yake, vitu vyangu vikiwa vimetandazwa juu ya mkeka, na watu wa kambi wamezunguka. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya mlango, nikiwasikia.

"Pole kwa msiba," Ogeto alisema. "Sasa, hii vitu tunapatia nani?"

"Mimi," Kepher alijibu upesi. "Mimi ndio nilirithi nyumba yake."

"Hapana. Hapa vitu ya mtu aliyekufa hatupatii ndugu, watu wanapigana. Tunapatia mtoto yake. Huyo Owino alikuwa na mtoto?"

Nilimsikia Kepher akikohoa. Nilishika ukingo wa mlango, maana kama angesema hapana, kazi yangu yote ilikuwa bure.

"Iko mtoto," alisema. "Kijana."

"Mtoto ya nani? Si wewe umezaa?"

"Ni ya Owino! Uliza huyu mzee. Kwetu ukirithi bibi ya ndugu yako, mtoto unazaa ni ya marehemu. Mimi nilisaidia tu kuinua nyumba yake. Mtoto ni ya Owino, na vitu ni ya mtoto. Mimi nabeba tu."

"Ni kweli, mzee?"

"Ni kweli," alisema Mzee Opiyo. "Mtoto ni wa Owino kabisa."

Nikafungua mlango.

Mzee Opiyo aliinuka, fimbo ikamtoka mkononi. Kepher hakuinuka. Alibaki amekaa na mkono juu ya cherehani yangu.

"Baba," nilimwambia mzee, "narudi kuchukua mke wangu na mwanangu."

Mzee alinishika uso, akanipapasa mabega, akalia bila aibu mbele ya Wakisii na Wakipsigis. Kisha akamgeukia Kepher, na sauti yake haikuwa na machozi tena. "Ulikosea, au ulidanganya? Kama ulitudanganya tukamzika mtu aliye hai, sema sasa, nami nitakutoa katika ukoo huu leo hii."

Kepher alinitazama. Aliniomba kwa macho, vilevile kama nilivyomwomba maji. Sikumpa kitu.

"Nilikosea, baba," alisema. "Nilidhani amekufa."

"Basi ulirithi kwa nia njema," alisema mzee. "Mtoto ni wa Owino, kama ulivyosema mwenyewe."

Tuliondoka asubuhi iliyofuata. Baiskeli niliisukuma mimi, na cherehani ilikuwa kichwani kwa Kepher, kwa kuwa alisema mbele ya watu kwamba yeye anabeba tu. Tulipita katikati ya michai hadi Mzee Opiyo alipotangulia mbele kidogo.

"Ndugu yangu," Kepher alisema chini chini, shingo ikitetemeka kwa uzito. "Unajua yule mtoto ni damu yangu. Ananiita baba. Sasa akiniuliza mimi ni nani, utamwambia nini?"

Nilikuwa nimelisubiri swali hilo tangu siku Okoth alipoangusha posho yake, na lilikuwa tamu kuliko nilivyofikiri.

"Nitamwambia wewe ni baba yake mdogo," nilisema. "Yule aliyenizika."