Neno Lililomlaza Meneja

Wakati wa chakula cha mchana, kwenye kiwanda cha magodoro, mwalimu wa Kiingereza aliandika neno moja juu ya kipande cha boksi: "lie". Akaeleza kwamba lina maana mbili, kulala na kusema uongo, na kwamba maana hizo hazina hata undugu wa mbali. Zimekutanishwa na jina tu, kama wapangaji wa nyumba moja. Vibarua waliandika huku wakitafuna. Meneja, aliyeleta masomo hayo ili wasimtie aibu mbele ya wanunuzi wa kigeni, alisikiliza akiwa mlangoni.

Baadaye akasimama katikati ya cherehani. "Mwezi ujao nyote mnaajiriwa rasmi," alisema, akalala chali. Hakuanguka. Alijilaza taratibu na suruali yake iliyonyooka pasi, akaendelea kuhutubia dari.

"Ndiyo Kiingereza hicho," alisema mkata sponji, akarudi kwenye kisu chake.

Uzi, mshona kingo aliyeitwa hivyo kwa wembamba wake, alisikitika kuliko wote. Mama yake alikuwa na mtoto wa jicho, na zahanati ya kiwanda ilipokea wazazi wa walioajiriwa tu. Meneja alipoinuka na kujipangusa vumbi, Uzi akamfuata.

"Bosi, na mama yangu je?"

"Ondoa shaka, dada. Wiki ijayo anatibiwa," alijibu, akalala tena.

Sakafu ilikuwa ya saruji, na Uzi hakuwa na roho mbaya. Akamsukumia godoro dogo lililokataliwa kwa mshono uliopinda. Tangu hapo, popote meneja alipokuwa na la kuahidi, godoro lilitangulia. Wageni walipokuja waliona huyu ni mtu anayeipenda bidhaa yake kwelikweli, wakaagiza mzigo wa nguvu.

Somo lililofuata lilihusu wakati uliopita. Mwalimu alisema huko ndiko maneno hayo yanakoachana: ukilala, jana yake ni "lay", ukidanganya, jana yake ni "lied". Kila moja na njia yake. Safari hii meneja alikaa mbele kabisa, akanakili.

Kesho yake alisimama wima. "Nilishawaajiri nyote," alisema, kisha akamgeukia Uzi. "Na mama yako alishatibiwa." Hata goti halikutikisika. Vibarua wakampigia makofi, maana alikuwa ameelewa somo, wakaendelea na kibarua chao.

Godoro likabaki halina kazi. Uzi akaruhusiwa kulichukua, akalitandika chumbani kwa mama yake. Mama alifurahi mno. Aliupapasa ule mshono uliopinda, akasema anautambua mkono wa mwanawe.

"Haya, na daktari?" aliuliza. "Kasemaje?"

"Wiki ijayo anakuona, mama," alijibu Uzi, akalala kando yake.

Mama akasogea ukutani kumpisha. "Pole na kazi, mwanangu," alisema, akalitafuta shuka kwa vidole, akamfunika.