Kidato cha Juu

Nyumba ya Lockwood ina ngazi mbili. Ya mbele ni pana, ya mti wa jozi, yenye nguzo zilizochongwa maua na dirisha la vioo vya rangi linalomwaga wekundu juu ya zulia la ukumbi wa chini. Ya nyuma imefichwa kando ya jiko kama aibu: nyembamba, yenye giza, ya msonobari mtupu. Hiyo ndiyo aliyoipanda Honora Tierney, mama wa bibi yangu, aliyetoka Ireland akaajiriwa humu kubeba makaa na maji ya moto. Vidato vyake vilikuwa vimebonyea upande mmoja, upande wa ndoo.

Jumamosi ile nilisikia nyundo tangu barabarani. Vidato vilikuwa vimetupwa uani, vimepasuliwa, vinangoja lori la taka. Ndani, mbao mpya zilikuwa zimeshapigiliwa. Kilibaki kimoja cha zamani, cha juu kabisa.

"Acheni!" nikapiga kelele.

Bi Aldrich, mwenyekiti wa kamati ya kuhifadhi nyumba, akatokea jikoni na kikombe chake cha chai.

"Detta, mpenzi, asubuhi yote hii? Tunairudisha nyumba ilivyokuwa siku ilipokamilika. Siku ile vidato havikuwa na mashimo."

"Siku ile hakuna aliyekuwa amebeba ndoo humu!"

"Mbao zimechakaa tu."

"Kwa miguu ya nani? Na kule ngazi ya mbele, mbona mkwaruzo wa upanga wa kanali mwenye nyumba mmeufunika kwa kioo?"

Fundi mmoja akacheka, kisha akajitia kukohoa.

"Ule ni historia," alisema Bi Aldrich.

"Na Honora ni nini? Vumbi?"

Akanywa chai. Nikamnyang'anya fundi mtaimbo, nikapanda.

"Angalia misumari, dada," akaninong'oneza.

Kidato kiling'oka kikilia. Nikakikumbatia, nikasukuma mlango wa ukumbi wa juu, nikaelekea ngazi ya mbele.

"Si huko!" Bi Aldrich alikuwa ameshakimbilia mguuni pa ngazi hiyo. "Nta haijakauka! Pita nyuma!"

"Alipita nyuma maisha yake yote. Leo anatoka mbele."

Nikashuka katikati, taratibu, nikikanyaga kwa unyayo mzima. Alama za viatu vyangu zikabaki katika kila kidato.

"Leteni tambara!" akapiga ukelele.

Nilikuwa nimeshafungua mlango mkubwa.

"Tambara la nini? Zifunikeni kwa kioo."