Sufuria Juu ya Mashini ya Rezo

Mama Constance hakuipenda ile mashini tangu siku ya kwanza. Papa Eugène, muchuuzi wa kutoka Butembo, aliitoa Goma kabla vita havijafunga barabara: kidude cheupe chenye antena mbili, cha kugawia watu rezo, yaani mtandao wa intaneti, kwenye telefone zao. Akakiweka juu ya ukuta wa mbao usiofika kwenye paa. Upande wake ni duka, upande wa pili ni chumba ambamo Mama Constance anatengeneza fromaje, ile jibini ya maziwa. Kisha akakificha nyuma ya magodoro ya kuuza yaliyopangwa hadi juu, wezi wasikione.

Wiki ile ile, maziwa ya Mama Constance yakaharibika. Pikipiki ya maziwa ilikuwa imekawia njiani toka Kirolirwe na jua likiwaka, lakini nani angemwambia? "Ni ile mashini!" akasema. "Mawimbi yake inapita mu mbao, inaingia mu maziwa." Basi Jumapili, Papa Eugène akiwa misa, akapanda juu ya kiti upande wake, akanyoosha mikono, akaifunika mashini kwa sufuria yake kubwa. Akashuka anacheka peke yake. Ikome sasa!

Mchana ukaingia ujumbe wa maandishi kutoka Walikale. Kétsia, binti yake, amejifungua. Jirani amemwazima telefone ya picha, ila moto wa betri umekaribia kuisha: Mama atafute rezo haraka, amuone mutoto. Vita vilikuwa vimemnyima binti huyo muda mrefu, na barabara haipitiki. Mama Constance akatoka mbio kwenda dukani, kitenge kinamfunguka.

Papa Eugène aliinua telefone ya Mama Constance juu, akaishusha, akaitoa hadi mulangoni. Wapi!

"Mama, telefone yako imezeeka. Haipatane na mashini yangu."

"Hata yangu haishike," akasema Fifi, aliyekuja kununua sabuni, na yake ilikuwa mupya kabisa.

"Basi yako ndiyo mupya sana," akajibu Papa Eugène bila aibu.

Mama Constance alihisi masikio yanamuwaka. Akisema, atachekwa soko zima. Akinyamaza, telefone ya Walikale itazima. Na maziwa ya leo je, yaliyojaa pale nyuma ya mbao? Loo, maziwa gani tena! Akavua viatu, akaparamia magodoro mbele ya watu wote, akang'oa sufuria.

"Papa Eugène, unisamehe. Ni miye."

Papa Eugène akamrudishia telefone. Papo hapo ikalia, na uso wa Kétsia ukatokea, umechoka, unacheka, na chini yake kichwa kidogo chenye nywele nyingi. Mama Constance akaanza kulia kwa furaha, amekaa juu ya magodoro, sufuria mapajani.

"Mama," Kétsia akauliza, "iyo sufuria ni ya nini?"

"Ni ya ujinga wangu, mwanangu. Sogeza mutoto, nimuone vizuri."