Siku ya Kwanza ya Giza

Mgeni aliingia bandani kwetu ameshika viatu mkononi, suruali kaikunja hadi magotini. Nilidhani ni mtu aliyeshushwa na mtumbwi kwenye maji, maana pale kwenye mwalo wa Mwigobero, mitumbwi inapotia nanga, hilo huwapata wote wasiojua pa kurukia. Nassibu, mwenzangu, hakuinua hata uso. Alikuwa anapiga msasa boya la taa.

"Kuchaji simu ni kwa Safina, mlango wa bluu," alisema. "Sisi tulikuwaga tunachaji, tukaacha. Mtu analeta simu ina ufa, akija kuichukua anasema ufa ni wetu."

"Sijaja kuchaji simu."

"Basi viatu. Fundi viatu yuko nyuma ya wauza samaki."

Mgeni alicheka. Akafuta miguu kwa leso, akavaa viatu bila soksi, kisha akatoa kitambulisho kilichokuwa kimening'inia ndani ya shati lake. "Naitwa Silasi. Natoka kwenye mfuko wa serikali wa ruzuku za utafiti. Nyie ndio mlioomba kwa ajili ya taa za dagaa?"

Msasa wa Nassibu ukasimama.

Tulikuwa tumeomba tangu wakati wa masika. Serikali ilikuwa imetangaza ruzuku kwa kampuni ndogo zinazobuni vifaa vya nishati. Haikuwa mkopo. Ilikuwa ni fedha ya kununulia vipimo, kujaribu, kukosea na kujaribu tena, hadi kifaa kiwe tayari kwenda sokoni. Kampuni yetu ilikuwa mimi, Nassibu na banda la bati. Mimi nilisomea umeme chuoni nikarudi nyumbani, ingawa wenzangu wengi walibaki Dar es Salaam. Nassibu ni fundi wa kuchomelea na kuunda maboya ya plastiki. Tuliambiwa mkaguzi anaweza kuja siku yoyote. Nilikuwa nimejiandalia hata shati la kumpokelea, lakini siku hiyo lilikuwa kwenye kamba, linakauka.

"Karibu sana, mkuu," nilisema, nikampa kiti.

Hakukaa. Alikuwa anaangalia rafu, ambako taa zetu zilikuwa zimepangwa, safi, zimezimwa.

"Nimetoka kuzunguka kambi mbili za wavuvi," alisema. "Mitumbwi yote imevutwa juu. Nikauliza taa zenu ziko wapi, nikaambiwa ziko mjini. Nimekuja mjini, nazikuta zimepangwa kama vyombo vya bibi harusi. Kwenye maombi yenu mmeandika zinatumika ziwani. Zinatumika lini?"

"Sasa ni mbalamwezi," nilisema.

"Unamaanisha nini?"

"Bosi," Nassibu alidakia, "umekuja kukagua mwavuli siku ya jua."

Nilimkanyaga mguu, kisha nikamweleza mgeni. Dagaa huja kwenye taa kwa sababu ziwa lina giza. Mwezi ukiwa mkubwa, maji yote yanang'aa, na taa haina cha kuwaambia dagaa. Basi wavuvi hupumzika. Wanashona nyavu, wanakwenda nyumbani kuona watoto, wanakunywa chai ndefu. Mwezi ukipungua, giza linarudi, na kazi inaanza upya. Sisi tunatumia mapumziko hayo kutengeneza kilichoharibika.

Silasi alichukua taa moja, akaigeuzageuza. "Na hiki kitasa cha kuzungusha?"

Hapo nilipata nguvu. Niliiwasha taa, nikamfunika nayo kwa turubai ili aone. Nikamweleza kwamba taa nyingi za sola zinajua mambo mawili tu, kuwaka na kuzima. Wavuvi walizinunua wakazitupa, wakarudi kwenye karabai za mafuta, na watu wakasema wavuvi hawapendi maendeleo. Sababu ilikuwa nyingine. Wakati wa kuvuta wavu, mvuvi hupunguza moto wa karabai taratibu. Dagaa nao wanasogea, wanajikusanya kwenye ule mwanga uliobaki, ndipo wavu unapanda. Taa ikizimika ghafla, wanatawanyika. Kwa hiyo utafiti wetu ulikuwa pale kwenye kitasa: mwanga upungue kidogo kidogo, betri isiungue, maji yasiingie.

Silasi alibaki chini ya turubai, akiongeza mwanga na kuupunguza. Alipotoka nywele zilikuwa zimemsimama.

"Nimeelewa," alisema. "Nitaandika nilichokiona na sababu yake. Lakini mimi siamui. Jopo linakaa Bunda Alhamisi mchana. Mlete taa, na mtafiti mkuu aje mwenyewe ajibu maswali. Mtafiti mkuu ni nani?"

"Ni mimi. Matrida."

"Basi usikose, Matrida. Asiyefika, ombi lake linasubiri dirisha la maombi la mwakani. Sikutishi, nakwambia ilivyo."

Alipoondoka, Nassibu alirusha boya juu, akalidaka. "Injinia! Umemwona alivyocheza na kitasa? Hii tumepata."

Na mimi niliona hivyo. Lakini nilikuwa nimeshaangalia kalenda ya ukutani, ile tunayoiwekea alama za mwezi kwa kalamu nyeusi. Alhamisi ilikuwa na alama. Alhamisi ilikuwa siku ya kwanza ya giza.

Taa zile zote zilikuwa za Mama Keraryo, tajiri wa mtumbwi, yaani mwenye mtumbwi na nyavu, kule kisiwa cha Rukuba. Yeye ndiye aliyekubali kuzijaribu tangu mwanzo. Giza lililopita, maji yaliingia kwenye maungio, taa zikafa ziwani, na wavuvi wake wakarudi wakipiga makasia na wavu mkavu. Hakunigombeza. Alikuja mjini na beseni kichwani, akazitua taa mezani kwangu, akaketi akinisubiri niseme.

Nilisema: "Giza likianza, siku ya kwanza, nitazileta mwenyewe. Nitaziwasha mbele ya wavuvi wako. Ikigoma hata moja, nitaitengeneza palepale."

"Karabai zangu nimeshamuuzia mtu wa Suguti," alijibu. "Nilikuamini mapema. Sasa nimebaki na neno lako."

Nassibu aliikumbuka ahadi ile bila kuambiwa. Aliweka boya chini.

"Siku moja tu," alisema. "Mpigie, mwambie Ijumaa. Giza lina siku nyingi."

"Unajua siku ya kwanza kuna nini."

Alijua. Siku ya kwanza ya giza ndiyo wavuvi huchagua mtumbwi wa kuingia. Tajiri asiye na taa jioni hiyo, watu wake wanahamia kwa jirani, na hawarudi hadi giza jingine. Mama Keraryo angebaki na mtumbwi mzuri na mwezi mzima wa kuutazama.

"Basi mimi nizipeleke taa, wewe uende Bunda."

"Maji yakiingia utazifungua?"

"Nitazifungua. Kuzifunga ndio sijui."

Nilimpigia Silasi, nikamwomba tuitwe asubuhi. Alisikitika kweli, nilimsikia. Ratiba ilikuwa imefungwa, asubuhi ilikuwa ya watu wengine, na boti ya Rukuba huondoka saa sita mchana. Nilizungusha saa hizo kichwani kila namna. Hazikukubali kukaa pamoja.

Jumatano nilikwenda Butiama kwa bibi yangu. Nilimwambia Nassibu nafuata taa ya zamani, ile ya kwanza kabisa niliyoiunda, ambayo bibi aliitundika kwenye zizi. Kama taa nzuri zitakwenda Rukuba, jopo lione angalau tulikoanzia. Lakini nadhani nilikwenda pia ili nipate mahali pa kufikiri.

Bibi alikuwa anakamua. Hakuacha.

"Umekuja kunisalimia au umekuja kuchukua kitu?"

"Shikamoo, Bibi. Vyote viwili."

"Marahaba. Nilijua. Mtu wa salamu tupu hafikagi siku ya katikati ya wiki." Nilipoinyooshea kidole taa ile ya zizini, aliacha kukamua. "Hiyo? Na mimi alfajiri nitamkamua ng'ombe gani, nisiyemwona?"

"Nitairudisha, Bibi. Ni ya kuonyesha serikali."

"Serikali haijawahi kuona taa?"

Nilicheka hadi nikaketi kwenye ndoo. Halafu nikamweleza yote, jopo na Mama Keraryo. Alisikiliza huku akiendelea na kazi yake. Mwisho akauliza swali moja tu.

"Huyo mama, ameshauza taa zake?"

"Ameshauza."

"Eeh," alisema, akanipa kikombe cha maziwa. Akarudi kuongea na ng'ombe wake.

Niliifungua kamba ya taa. Ilikuwa mbaya kuliko nilivyokumbuka: boya limepinda, kioo kina rangi ya chai, kitasa hakuna. Lakini nilipobonyeza, iliwaka. Nilijikuta najivunia. Nikasimama pale zizini nikaona wazi kitu ambacho nilikuwa nakijua tangu jana yake. Niliomba ruzuku ili mtu kama Mama Keraryo apate taa ya kuaminika. Nikimwacha bila taa ili niende kuiomba, nitawaambia nini kule Bunda?

Alhamisi asubuhi Nassibu alikuja amevaa shati lake la Idd.

"Mimi? Jopo?" alisema nilipompa taa ya zamani. "Wakiniuliza volti?"

"Waeleze boya, maana boya ni lako. Waeleze mbalamwezi. Usichokijua, sema hujui."

"Nitakaa saa nzima nasema sijui. Watadhani nina ugonjwa." Aliishika taa kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani. "Injinia, ni mwaka mzima huo. Una hakika?"

"Nina hakika."

"Haya. Lakini tukikosa, nitakukumbusha kila siku ya Mungu."

"Nikumbushe."

Alipanda gari la Bunda, mimi nikapanda boti.

Rukuba nilikuta mitumbwi imeshashushwa majini. Watu walikuwa wanabeba nyavu, na kijana wa tajiri mwingine alikuwa amesimama juu ya jiwe, amepandisha sauti: "Hezron! Njoo huku kwetu, kuna moto wa kweli! Huko utavua kwa tochi ya simu!"

Hezron, mvuvi wa Mama Keraryo, alikuwa ameshashika mfuko wake wa nguo. Boniphace, nahodha, alinitazama nikishuka na maboksi.

"Dada, umeleta taa au umeleta maiti zile zile?"

"Nimeleta taa."

"Giza lililopita ulisema hivyo hivyo."

"Ndiyo maana leo nimezileta mwenyewe."

Mama Keraryo alitoka kwenye kibanda chake akifuta mikono kwenye khanga. Alinisalimia tu, lakini nilimwona akishusha pumzi. "Ngojeni," aliwaambia watu wake. "Hezron, weka mfuko chini. Ukitaka kuondoka, ondoka baada ya kuona."

Simu yangu ikaita. Ilibidi nipande jiwe lile lile la yule kijana ili nimsikie Nassibu.

"Nimewaambia yote," alisema. "Boya wamelipenda. Mbalamwezi wameipenda sana, yule mama mwenyekiti alikuwa anaandika. Taa ya bibi imewaka, wakacheka kidogo, cheko zuri lakini. Kisha wakauliza, mtafiti mkuu yuko wapi? Nikasema yuko Rukuba, anapeleka taa alizoahidi. Silasi akatuombea. Mwenyekiti akasema anaelewa, ila kanuni ni kanuni. Dirisha la mwakani."

Nilikuwa nimejiambia kwamba niko tayari kusikia hivyo, lakini sikuwa. Niliwaza vipimo ambavyo nisingenunua mwaka huu, na banda linalovuja.

"Injinia? Upo?"

"Nipo. Umefanya vizuri, Nassibu. Mwakani tutakwenda na matokeo ya giza kumi na mbili."

"Na mimi nitakuwa nimeanza kukukumbusha," alisema, na nilisikia anatabasamu.

Nilishuka kwenye jiwe. Jua lilikuwa linaingia upande wa pili wa kisiwa na maji yalianza kuwa meusi. Nilichukua taa ya kwanza, nikaingia majini hadi magotini, na mbele ya wote nikaizamisha yote, boya na betri na kioo, nikaishikilia chini. Mtu mmoja nyuma akasema, "Ameiua mwenyewe."

Niliitoa, nikaipangusa kwa kiganja, nikazungusha kitasa.

Iliwaka nyeupe, hadi Boniphace akakinga macho. Nikampa. Aliipunguza pole pole, pole pole, hadi ikabaki kama kaa la moto, kisha akaipandisha tena. Akamgeukia yule kijana wa juu ya jiwe, akainua taa. "Wewe! Mwambie tajiri wako karabai zake azipikie chai!"

Watu wakaangua kicheko. Hezron aliutupa mfuko wake wa nguo ndani ya mtumbwi.

Mama Keraryo alisimama kando yangu wakati naziwasha zilizobaki. "Nimesikia ukitaja mwakani," alisema. "Leo ulikuwa na safari nyingine?"

"Nilikuwa nayo, mama. Bunda."

"Ya muhimu?"

"Ya muhimu."

Mama Keraryo akakunja khanga yake hadi magotini, akaingia majini kando yangu, akanyoosha mikono aipokee taa ya mwisho. Nilizungusha kitasa chake. Ikawaka. Nikampa, naye akaipitisha kwa Hezron mtumbwini.