Baka la Mgongoni

Mama Pini hakuwa mtu wa kuulilia uzee. Mabaka ya kahawia yalipoanza kumtoka mikononi, aliyatazama siku chache pale mbele ya cherehani, akayazoea kama watu wanavyowazoea wapangaji wapya. Vinyama vidogo vilipomwota shingoni, pale futi yake ya kupimia ilipozoea kuning'inia, alijishonea blauzi zenye kola. Makunyanzi ndiyo kabisa, hakuwa na habari nayo. "Kitambaa kikivaliwa sana si lazima kijikunje?" aliwaambia wateja, pini zikiwa zimebanwa midomoni. Wateja walicheka. Jina lake lilitokana na pini hizo hizo, na hata waliomjua ujanani walikuwa wamelisahau lile jingine.

Kilichomshinda ni baka la mgongoni.

Lilianza kwa kumwasha, chini kidogo ya bega la kushoto, pale mkanda wa sidiria unapopita. Akawa anajikuna kwa ile rula yake ndefu ya mbao, huku kazi inaendelea. Siku moja akavua blauzi nyeupe, akaona tone la damu limekaukia kwenye kitambaa. Alipeleka mkono nyuma, akanyoosha vidole mpaka bega likalalamika, akapapasa kitu kigumu kigumu, kama nta ya mshumaa iliyodondoka ikagandia pale. Alikwenda kwenye kioo kirefu cha wateja, akageuka, akajinyonga shingo, akaishia kuona bega lake na nusu ya sikio. Akachukua kile kioo kidogo cha poda. Akikipeleka kushoto, picha inakwenda kulia. Akikiinua, anaona kisogo. Alichofanikiwa kukiona vizuri siku hiyo ni dari, ambayo kusema kweli ilihitaji rangi.

Ndipo lilipomjia jambo ambalo hakuwahi kulifikiria. Tangu mumewe afariki, hapakuwa na macho ya mtu yeyote yaliyopita mgongoni kwake. Marehemu alikuwa na maneno machache na mikono mizito, lakini kila alipomfunga zipu alikuwa na tabia ya kusimama kidogo na kutoa taarifa. "Una kipele hapa." "Hapa umekwaruzwa na nini?" Naye alikuwa akimkaripia, "Funga zipu, bwana, tunachelewa!" Sasa angetoa chochote aisikie tena ile taarifa, hata ya kipele.

Na kichekesho chenyewe, kama kweli ni kichekesho, ni kwamba kazi yake yote ilikuwa migongo. Mama Pini aliamini fundi hujulikana nyuma ya nguo. Mbele kila mtu anajiona na kujirekebisha, lakini nyuma yuko mikononi mwa fundi. Kwa hiyo kila nguo ilipojaribiwa, alimsimamisha mteja, akampiga picha ya mgongo kwa simu na kumwonyesha mwenyewe, kisha akamtumia binti yake wa pekee, aliyekuwa akifanya kazi mji wa mbali. "Tazama hapa, unaonaje?" Hayo ndiyo maneno aliyoandika kila mara. Binti alijibu, "Safi, mama." Miaka ya karibuni hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao. Mgongo unakwenda, "safi" inarudi.

Wateja nao wakishavua nguo nyuma ya pazia, humfanya fundi kuwa macho yao. "Hebu, Mama Pini, nitazame hapa, kuna nini?" Yeye hutemea pini kiganjani, huvaa miwani, huinama. "Hakuna kitu, mwenzangu, ni utu uzima. Nenda kalale." Au, "Hili mimi silipendi. Kesho kamwone daktari, usiniambie huna nafasi." Zamani, binti alipokuwa bado nyumbani, mama alimsimulia visa hivyo mezani bila kumtaja mtu, wakacheka mpaka mbavu zikauma.

Basi akafunga duka asubuhi moja, akaenda kliniki.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ya mtu aliyelala vizuri. Aliwasha taa, akasogeza kioo cha kukuzia, akatazama, akabonyeza kidogo kwa kidole chenye glavu. Haikuchukua hata muda wa kutunga uzi kwenye sindano.

"Vaa tu, mama. Si kitu kibaya. Ngozi imenenepa kwa ajili ya umri, wengi wanayo. Limetoka damu kwa sababu unalikwangua. Usilikwangue, usilifunge uzi eti lidondoke, na hiyo rula uiache."

"Nani kakwambia nina rula?"

"Nimeiona michirizi yake, mama."

Wakacheka wote wawili. Mama Pini alihisi pumzi inarudi kifuani. Kisha daktari, akinawa mikono na kumpa kisogo, akaongeza la mwisho.

"Una na mengine madogo madogo huko nyuma. Mtu wa nyumbani awe anakutazama mara moja moja. Akiona lolote limebadilika rangi, au limekua haraka, urudi upesi. Una mtu nyumbani?"

"Ninaye," alisema Mama Pini, akifunga vifungo.

Njia nzima alijiuliza kwa nini amedanganya. Ni aibu tu. Mtu anaweza kukubali kwamba ana madoa, ana vinyama, ana ngozi iliyonenepa; kutamka "sina mtu" mbele ya mtoto wa watu aliyekuwa akinawa mikono kulimshinda.

Sasa akawa anamtafuta huyo mtu. Wifi yake angetazama kwa furaha kubwa, na kabla jua halijazama ukoo mzima ungekuwa umepata habari kwamba Mama Pini anaoza mgongo. Majirani wa mlango wa pili walikuwa watu wa "habari za leo" na "nzuri", kisha kitasa kinalia. Rafiki yake wa chanda na pete alikwishahamia kwa mwanawe, na kwenye simu alikuwa hasikii vizuri. Akakumbuka kwamba ana wateja.

Siku hiyo hiyo mchana akaja Mwalimu, mteja wake wa miaka mingi, kujaribu gauni. Walijuana vya kutosha. Mama Pini alikuwa amemtazama mapaja, amemtazama kovu la upasuaji, amemshika mkono siku aliyolia kwa sababu gauni la zamani halimwingii. Alimfunga zipu, akasita.

"Mwalimu."

"Abee."

"Hivi wewe..." Alijiona anavyovua blauzi yake mwenyewe nyuma ya lile pazia, fundi amegeuka mteja, na mteja hajui atazame wapi. Ilikuwa kama mpishi kuomba alishwe na wageni wake.

"Mimi nini?"

"Wewe umepungua kidogo. Nitaingiza hapa kiunoni."

"Mungu akubariki!" alisema Mwalimu, akacheka. "Haya nipige picha basi, nimechelewa."

Akampiga picha.

Mwalimu alipoondoka, Mama Pini alifunga mlango, akavuta pazia, akavua blauzi. Aliisimamisha simu kwenye kopo la vifungo, akaiweka ijipige yenyewe, akakimbia kusimama mahali wanaposimama wateja. Picha ya kwanza ilitoka ukuta. Ya pili ilitoka kiwiko. Aliyafanya yote hayo akijisonya na kujiita mwendawazimu, mpaka moja ikatoka sawasawa. Akavaa miwani, akaitazama.

Ulikuwa mgongo mpana, umelegea kidogo pembeni, madoa yametapakaa, na chini ya bega lile baka lenyewe, jeusi kuliko alivyodhani. Hakuona cha kutisha. Alimwonea huruma kidogo mwenye mgongo ule, jinsi alivyosimama wima mbele ya ukuta kama anayengoja kuitwa.

Alitaka kumwandikia binti yake maneno mengi. Mwanangu, huu ni wangu. Daktari anataka mtu awe anautazama, nami nimekuchagua wewe. Sitakusumbua, ni mara moja moja tu. Aliandika, akafuta. Akaandika tena, akaona ni kama anadai kitu. Mwishowe vidole vikaandika vilichozoea kuandika: "Tazama hapa, unaonaje?" Akaridhika. Mtoto aliyelala juu ya mgongo huu kabla hajajua kusema, aliyeutemea maziwa na kuulilia usiku kucha homa ilipompata, ataelezwa nini zaidi? Akajifunika kipande cha kitambaa mabegani, akaketi kwenye kiti cha cherehani, akangoja.

Jibu halikukawia.

"Jamani mama! Bado wateja wanakuvulia tu? Huo ni uzee, mwambie hana kitu."

Mama Pini alilisoma, akaondoa miwani, akaifuta, akalisoma tena. Akaandika, "Hata daktari kamwambia hivyo."

"Sasa shida iko wapi?"

"Daktari anataka awe na mtu wa kumtazama mgongo mara kwa mara."

"Ndiyo akuletee wewe? Kwani huyo hana watoto?"

Hapo angeweza kusema. Neno moja lilitosha, na kidole kilikuwa tayari juu ya herufi. Lakini alimjua mwanawe. Angepiga simu hapo hapo akilia, angejilaani, angempigia kila siku kwa muda, kisha siku zingeanza kurukwa, na kila picha kutoka hapo ingetazamwa kwa kujilazimisha. Mama Pini hakutaka kuonewa huruma. Alitaka kutambuliwa, na hilo alikuwa ameliomba tayari, akanyimwa bila mtu kukusudia.

"Anaye mmoja," aliandika. "Yuko mbali."

"Si amtumie picha, kama wewe unavyonitumia mimi?"

"Anaona aibu."

"Aibu ya nini, kwa mtoto aliyemzaa mwenyewe? Wazee nao! Mtoto akijua mama yake yuko hivyo, atakataa?" Kisha, kabla mama hajajibu, ukaingia ujumbe mwingine. "Haya mama, naingia kikaoni. Ila maskini, amenitia huruma. Nisalimie sana huyo mama."

Gauni la Mwalimu lilikuwa mezani likingoja kuingizwa kiunoni. Mama Pini alikaa na simu mkononi mpaka kioo chake kikazimika, akakiwasha tena.

"Zimefika," aliandika.